Kifaa kikishawashwa, kazi ndiyo inaanza
(Mhadhara kwa wazazi, Mtwara mjini)

Mama zangu, baba zangu, asanteni kwa kuja. Najua waliotoka Newala na Tandahimba wameamka alfajiri.

Mtoto aliyewekewa kipandikizi cha koklea (kifaa cha kumsaidia kusikia, kinachopandikizwa kwenye koklea, yaani sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti) hapimwi kwa siku ya upasuaji. Mpime akifika darasa la tano. Anamwelewa mwalimu? Anasoma? Akitumwa dukani, muuzaji asiyemjua anamwelewa?

Kifaa hiki hakiponyi uziwi. Ndani ya sikio kuna waya mwembamba unaousisimua mshipa wa kusikia kwa umeme. Nje kuna sehemu inayovaliwa nyuma ya sikio. Ukiivua, mtoto hasikii. Sauti yenyewe ni ngeni kwake, na ubongo lazima ujifunze kuielewa. Ndiyo maana umri una uzito mkubwa. Waliozaliwa viziwi wakawekewa kifaa kabla ya miaka 2, wengi huja kuzungumza vizuri sana, ingawa darasa lenye kelele huwasumbua hata wao. Waliokisubiri hadi baada ya miaka 7 mara nyingi husikia mlio, ila maneno huwapiga chenga. Aliyeugua homa ya uti wa mgongo ndiyo kabisa asisubiri, maana koklea yake inaweza kuota mfupa na waya ukakosa njia. Muhimbili wanafanya upasuaji huu tangu 2017. Zamani ilikuwa safari ya India. Kwa hiyo ukiambiwa "hata baba yake alichelewa kusema", mpeleke mtoto akapimwe masikio hata hivyo.

Sasa nyumbani. Kila asubuhi, ukishamvalisha kifaa, simama nyuma yake asiuone mdomo wako. Tamka moja moja, kwa sauti ya kawaida: aa, uu, ii, mm, shh, sss. Kila anaposikia, aweke punje ya korosho kwenye kikombe. Jana aliisikia sss na leo haisikii? Angalia betri, angalia unyevu, maana jasho na hewa yetu ya pwani huviharibu vifaa hivi. Ikishindikana, mpigie fundi wake siku hiyo hiyo. Kifaa kinachokaa kabatini hakimfundishi mtoto kitu.

Zungumza naye lugha unayoimudu. Kama ni Kimakonde, basi Kimakonde, mfululizo, ukipika, ukimwogesha.

Na lugha ya alama msiitupe, nawaomba sana. Betri huisha, kifaa huharibika, na wapo ambao matamshi hayatakuja vizuri hata tukijitahidi vipi. Mtoto huyo naye ana mambo ya kumwambia mama yake leo.

Wenye watoto wa chini ya miaka 3, msiondoke kwanza. Tutaonana mmoja mmoja.