Daftari la Mahudhurio

ZAWADI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Tulikuwa tumepanga kuzungumzia Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya, kinachohusu haki za mtu aliyekamatwa. Kabla hatujafika huko, Mwalimu, naomba nieleze yaliyotukuta Jumanne, kwa sababu bado yananikera.

KAZUNGU: Kile kikao cha Mswada wa Fedha wa kaunti?

ZAWADI: Ndicho. Tulifunga vibanda vyetu mapema, tukaenda ukumbini kutoa maoni kuhusu kupandishwa kwa ada ya soko. Mlangoni tulikuta daftari lenye safu nne: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na sahihi. Tuliambiwa tutie sahihi kwanza ndipo tuingie, ilhali nakala za mswada zilikuwa chache mno, tena zote kwa Kiingereza, wakati Kifungu cha 7 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pia. Nilimwambia karani kwamba nitatia sahihi nikishausoma. Aliniruhusu kupita kwa shingo upande.

KAZUNGU: Ungetia sahihi, Dada Zawadi. Sahihi inathibitisha kwamba ulikuwepo, haithibitishi kwamba ulikubali. Kifungu cha 196 kinalitaka Bunge la Kaunti liwezeshe umma kushiriki katika utungaji wa sheria, na mkienda Mahakama Kuu kuupinga mswada huo ukishapitishwa, wakili wa kaunti atasema kwamba hamkujitokeza.

ZAWADI: Huyo wakili hataleta maneno tuliyosema, ataleta daftari. Kurasa zile za sahihi huambatishwa kwenye ripoti ya kamati. Mama anayeuza samaki, aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni, alitia sahihi akidhani ni orodha ya kugawia soda. Sasa jina lake ni ushahidi kwamba alishauriwa kuhusu ada ambayo hakuwahi kuiona.

KAZUNGU: Majaji hawatazami daftari peke yake. Mwaka 2019, katika kesi ya kampuni ya British American Tobacco kuhusu kanuni za tumbaku, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba ushirikishaji wa umma sharti uwe wa kweli, si wa kutimiza utaratibu tu, na kwamba wananchi wapewe habari na muda wa kutosha kutoa maoni yao.

ZAWADI: Na mwaka 2024? Mwezi Julai, Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba Bunge halikueleza kwa nini liliyakataa maoni ya wananchi. Mwezi Oktoba Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo, ikasema Katiba haijaliwekea Bunge wajibu wa wazi wa kutoa sababu.

KAZUNGU: Nami naamini Mahakama ya Juu ilisema kweli. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi, nao wanaweza kuyatumia kupitia wawakilishi waliowachagua. Mwakilishi akishasikiliza, uamuzi ni wake, na wananchi watampima kwenye uchaguzi.

ZAWADI: Kifungu hicho hicho kinasema pia kwamba wanaweza kuyatumia moja kwa moja, Mwalimu. Uchaguzi ni baada ya miaka mitano, lakini mtoza ada hufika kibandani kwangu kila asubuhi kabla sijauza hata kipande kimoja cha kitenge. Sidai kwamba maoni yangu yakubaliwe. Nadai jibu, hata la mstari mmoja.

KAZUNGU: Mstari huo ukishakuwa wajibu wa kisheria, sheria nzima itaweza kuangushwa kwa sababu mtu mmoja hakujibiwa. Kifungu cha 210 hakiruhusu kodi wala ada ya leseni kutozwa bila sheria. Kaunti ikikosa sheria hiyo, mapato hayo yanakwama, na zahanati unayoitegemea itapata dawa wapi?

ZAWADI: Na sheria ambayo waliotozwa hawakujibiwa, hiyo inaongoza au inaamuru? Basi ninalo pendekezo: daftari liongezwe safu ya tano, aandike kila mtu ni siku ngapi kabla ya kikao aliupata mswada. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka tupate habari kwa wakati unaofaa. Safu hiyo ikijaa sufuri, jaji atajionea mwenyewe.

KAZUNGU: Safu hiyo naiunga mkono. Hata hivyo ungetia sahihi, kisha ukaandika sufuri yako pembeni.

ZAWADI: Hapana. Nikitia sahihi, kitakachohesabiwa ni jina langu, si sufuri yangu.

KAZUNGU: Na usipotia, hakuna kitakachohesabiwa. Hapo siondoki.

ZAWADI: Nami siondoki nilipo. Fundi mitambo anatuashiria kwamba muda umekwisha, na Kifungu cha 49 hatukukigusa kabisa.

KAZUNGU: Kitasubiri. Mlio katika kaunti ambazo maoni ya maandishi bado yanapokelewa, andikeni nakala mbili, mpeleke kwa karani wa Bunge la Kaunti, na nakala mnayobaki nayo igongwe muhuri wa tarehe.

ZAWADI: Muhuri unaonyesha kwamba barua imepokelewa, Mwalimu, hauonyeshi kwamba imesomwa.

KAZUNGU: Igongwe muhuri hata hivyo.