Unataka Kushinda Unafanya Nini?

Mhadhara kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, Morogoro

Marahaba, wanangu, marahaba. Kaeni. Na nyinyi mliobanana mlangoni, huku mbele viti vipo na mimi siumi.

Walionialika wameniandikia mada ndefu: "Kuibua na kujenga taswira ya kazi itakayokuridhisha." Nimeisoma mara mbili, nikacheka. Mimi ni afisa utumishi mstaafu wa halmashauri, na kila ninakoitwa nasema jambo lilelile. Waliokwisha kunisikia wanivumilie. Kazi unayodai kuitaka huijui mpaka uweze kunieleza anayeifanya anashinda akifanya nini. Sijauliza anaitwa nani, wala gari gani linamfuata asubuhi. Kutwa nzima, mikono yake iko wapi?

Kwenye usaili nilikuwa na swali langu moja, hata wenzangu wa jopo walikuwa wakinisubiri nilitoe. Kijana ameketi, tai imenyooka, vyeti vimo kwenye bahasha ya kaki. Anasema tangu utotoni ana wito wa kuwa afisa maendeleo ya jamii. Vizuri. Sasa niambie, mwanangu: Jumanne, saa nne asubuhi, afisa maendeleo ya jamii yuko wapi na ameshika nini? Anatazama dari. Wengine hujikaza wakajibu, "Anahamasisha jamii." Anahamasisha! Saa nne hiyo kuna kikundi cha akina mama kimekopa kwenye ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, marejesho yamesimama, na mwenyekiti wa kikundi hapokei simu. Afisa wako yuko juu ya bodaboda anamfuata nyumbani kwake. Au ameinamia meza anajaza taarifa ya robo mwaka kwa mara ya pili kwa sababu ya kwanza ilirudishwa. Ndiyo Jumanne yenyewe hiyo. Wapo wanaoipenda, nimefanya nao kazi: jioni wanaingia ofisini vumbi hadi kwenye nyusi, wanasimuliana ya mwenyekiti wa kikundi, wanacheka. Na wapo walioichukia kabla mshahara wa kwanza haujaingia. Wote wana shahada moja, wengine walikaa dawati moja.

Nasikia minong'ono pale kushoto. Najua mnachosema, kwa sababu kila chuo ninachokwenda kinanong'ona hivyo hivyo: "Mama, ajira hazipo, wewe unatuambia tuchague?" Mwaka jana, na mwaka juzi, na miaka yote. Mmesahau kuniambia habari ya TRA, Mamlaka ya Mapato, ngoja niwasaidie: mwaka 2025 walitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu zaidi ya 135,000. Mwaka 2014 Uwanja wa Taifa ulifurika watu zaidi ya 10,000 waliokuja kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Nayajua haya kuliko nyinyi. Barua hizo nimezisoma mimi, marobota kwa marobota, na nawaambia zinafanana mpaka macho yanauma. "Nina uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo." Shinikizo gani? La nani? Katika marobota hayo ikitokea barua ya mtu anayeijua Jumanne ya kazi anayoomba, unakaa wima kwenye kiti. Anataja vitu vyenye majina. Na mtu wa namna hiyo asipopata kwetu, anajua pengine pa kubisha hodi, kwa kuwa anachokitafuta ni kitendo, na kitendo hicho hicho kinafanyika sehemu ishirini ambazo hazitoi tangazo gazetini.

Kisha kuna wale wa methali. Lazima yupo mmoja humu ana hamu ya kunikumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima. Mwanangu, mimi nimezaliwa na wakulima. Sijaona watu wanaochagua jembe kama wakulima. Baba yangu akiingia dukani alikuwa analigonga chuma asikie mlio wake, analipima uzito, anauliza mpini wa mti gani, mwenye duka anachoka. Asiyechagua ni yule asiye na nia ya kulima, kwake lolote ni sawa.

Sasa niwape kisa cha mtoto wa dada yangu, na mwenyekiti asinionyeshe saa, kwa sababu mlichelewa kuanza nyinyi.

Kijana huyu kidato cha tano na sita alisoma HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza. Tangu kidato cha tatu alikuwa "mwanasheria". Ukoo mzima tukamwita wakili, watu wakigombana kwenye vikao vya harusi, "muiteni wakili aamue." Alipomaliza kidato cha sita alikuja kukaa kwangu akisubiri matokeo, anashinda kwenye kochi na simu. Nikamuuliza swali langu. Akanijibu, "Mama mkubwa, wakili anatetea haki." Nikamwambia baraza la ardhi la wilaya liko mwendo wa dakika chache kutoka hapa, milango yake iko wazi kwa mtu yeyote, kiingilio hakuna. Nenda ukakae nyuma, uangalie wakili anavyotetea haki. Nauli sikumpa, ili asipate sababu ya kuibakiza.

Siku ya kwanza alirudi saa tano asubuhi. Kesi imeahirishwa, mwenyekiti wa baraza ana udhuru. Siku nyingine shahidi hakufika. Siku nyingine tena upande mmoja umebadili wakili, na wakili mpya anaomba muda asome jalada. Kijana wangu akaanza kuuliza: hawa mawakili kutwa wanafanya nini? Nikamwambia muulize mmoja, hawaumi nao. Akamwuliza, na yule bwana, Mungu ambariki, akamwonyesha mkoba: majalada, hati za viapo, vielelezo vilivyopigwa mihuri. "Mimi ni msomaji na mwandishi, kijana. Kuongea ni kidogo sana. Kusubiri ni kwingi." Kwa wanaopenda kusoma karatasi mpaka wakakuta neno moja lililokosewa, hiyo ni raha. Mtoto wa dada yangu hajawahi kumaliza hata maelekezo ya dawa.

Lakini aliendelea kwenda, nadhani kwa kunogewa na ugomvi wa watu. Ndipo baraza likaenda kuangalia eneo la mgogoro, naye akajiunga na msafara. Majirani wawili wanagombania ukanda wa migomba, kila mmoja anaapa kwamba mpaka wa babu yake ni ule pale. Akaitwa mpima ardhi, mzee mmoja mwenye kofia iliyopauka. Mzee hakubishana na mtu. Akasimamisha mashine yake ya miguu mitatu, akachungulia, akatazama ramani, akamtuma msaidizi wake huku na huku na ile fimbo yenye rangi mbili. Akatembea hatua kadhaa ndani ya migomba, akasema, "Chimbeni hapa." Wakachimba. Bikoni, lile jiwe la mpaka, ikatokea, na namba yake juu. Mara mama mmoja akapiga kelele kwamba mwenzake ndiye aliyeizika, ugomvi ukaanza upya, mawakili wakawa na kazi. Kijana wangu hakuwa na habari nao. Alirudi nyumbani usiku, viatu vyote tope, swali lake moja tu: "Mama mkubwa, yule mzee wa mashine amesomea wapi?"

Nikamwambia kozi hiyo iko mjini hapa hapa, Chuo cha Ardhi. Dada yangu alininunia mwaka mzima. "Watu kanisani niwaambie nini, mwanangu anabeba fimbo porini?" Nikamwambia waambie anajua mipaka ya viwanja vyao, uone kama hawatakuheshimu.

Leo anapima. Na sikupambii: jua linamchoma, nyoka amekutana nao, kuna mteja alimfungulia mbwa, na wengi kulipa wanazungushana naye. Ila akija kwangu anaongea habari za kazi mpaka ugali unapoa, na hakuna anayemuuliza.

Wengine huwa mnasikiliza kisa hiki kana kwamba nawaambia muwe wapima ardhi. Sijasema hivyo. Nasema alikwenda kukaa pale kazi inapofanyika, akatazama, na kilichomvuta kilikuwa kitu ambacho hakuwa anakitafuta. Angebaki kwenye kochi na kufumba macho akijenga taswira, angeona joho na wigi tu, kwa sababu ndivyo alivyokuwa navyo kichwani. Taswira haitoki hewani. Unaijenga kwa vitu ulivyokwisha kuviona, na vijana wetu wameona kazi tano: mwalimu, daktari, polisi, mchungaji, na mwenye duka. Tahasusi za kidato cha tano, yale makundi ya masomo, ziliongezwa mwaka 2024 kutoka 16 mpaka 65, jambo jema, na bado mtoto anajaza selfomu, fomu ya kuchagua masomo, kwa kumchungulia rafiki yake.

Na fildi, mafunzo ya vitendo makazini! Fildi mlipewa kwa ajili hiyo hiyo, nanyi mmeifanya kazi ya kusaka sahihi. Nimewasimamia wa fildi miaka mingi. Anafika, anapiga picha mbele ya kibao cha ofisi, anaomba muhuri kwenye kitabu chake, anauliza kama Ijumaa anaweza kuondoka mapema. Wiki zote hizo alikaa ndani ya kazi ya watu na hakumwuliza hata mtu mmoja, "Kitu gani hapa kinakuchosha, na kitu gani ungekifanya hata usipolipwa?" Watu hupenda kuulizwa hilo. Hata mabosi wakali.

Atasimama mwingine aseme haya ni ya wenye mama mkubwa mjini, maskini hana nafasi ya kujaribu. Basi mtazame Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru. Shule hakuwa nayo ya maana. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam akawa mtumishi wa nyumbani na wa bustani kwa wageni, akapiga na muziki. Mwaka 1968, mtu mzima mwenye miaka zaidi ya thelathini, ndipo alipoanza kuchora kwa rangi zinazopakwa baiskeli, juu ya mbao nyembamba za dari, kwa kuwa ndivyo alivyoweza kununua. Picha zikauzwa Oysterbay, karibu na Morogoro Stores. Alikufa 1972 kwa risasi za polisi waliomdhania mtu mwingine, na ndugu na wanafunzi wake wakaendelea, hadi leo mtindo una jina lake. Miaka minne hivi tu.

Mimi ninachokiona hapo ni kwamba aliyepitia vibarua vingi hajapoteza muda kama alikuwa akijitazama. Wewe uliyeuza dukani kwa mjomba wako likizo nzima, usiniambie huna uzoefu. Niambie ni lipi ulilifanya bila kuambiwa. Ulipanga bidhaa rafuni zikapendeza? Ulihesabu mali usiku ukagundua unga unapungua? Au ulikuwa unapiga soga na wateja mpaka wakanunua wasichokijia? Hao ni watu watatu tofauti, na kazi zao ni tatu tofauti, ingawa mjomba alimlipa kila mmoja soda.

Jingine, na hili watu wa semina za kuhamasishana hawalisemi: chagua na karaha yako. Kila kazi ina uchafu wake usioisha. Ualimu una madaftari ya darasa la wanafunzi tisini, uyasahihishe usiku umeme umekatika. Uuguzi una zamu za usiku na matusi ya ndugu wa mgonjwa. Anayeandika programu za kompyuta hushinda anatafuta alama moja aliyoikosea mwenyewe jana. Usiniulize kazi isiyo na karaha, haipo, hata kustaafu kuna foleni ya uhakiki wa pensheni. Uliza karaha ipi wewe unaweza kuibeba huku unapiga mluzi. Mimi mafaili hayakuwahi kunichosha. Mwenzangu wa ofisi moja yalimpa vidonda vya tumbo.

Dakika ngapi? Tano? Haya. Nilikuwa na habari ya mshahara na habari ya wazazi. Mshahara: utafute, usione haya, na kama kazi ya moyo hailipi, weka mshahara mahali pengine. Shaaban Robert aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926 na akawa mtu wa ofisi za serikali karibu maisha yake yote. Mshahara ulitoka huko, mashairi hayakutoka huko. Wazazi: msibishane nao kwa maneno. Mpeleke baba akaone. Dada yangu alilegea siku aliyomwona mwanawe anaitwa "mtaalamu" na mtendaji wa kijiji. Habari ya kujiajiri naiacha, mtakuja kuisikia kwa mwingine na atawadanganya.

Karatasi zimewafikia? Usiandike jina la kazi. Andika Jumanne, miaka mitano kutoka leo, tangu unapoamka mpaka unaporudi. Umekaa au umesimama? Uko na watu, na mashine, na karatasi, au na mifugo? Nani anakugombeza, na kwa kosa gani? Saa nane mchana umeshika nini? Vitendo tu.

Wewe wa shati la bluu, nakuona, umeandika "meneja" na kupigia mstari. Futa. Meneja wa nini, na anashinda akifanya nini?

"Anasimamia"?

Simama, baba. Njoo huku mbele utuambie anasimamiaje.