Noeli ya viti sita

MADO: Tumeingia? Imeshawaka? Bo, jambo yenu wote, njo sisi tena hapa Lubumbashi, Yaya Mado na huyu Kas ninayemwita mdogo wangu, ambaye leo amechelewa nusu saa nzima halafu anaingia na mfuko wa maembe, kama vile embe ni barua ya ruhusa.

KAS: Embe ya Desemba ni barua ya ruhusa, Yaya. Mvua ilinifungia Kampemba, maji kote barabarani, ungefanya nini?

MADO: Ningetoka mapema. Haya, leo mada yetu wenyewe mnaijua, tuliitangaza wiki iliyopita, kutayarisha Noeli na Bonane, mwaka mpya, nyumbani bila makuu, na kuzeeka na moyo uliotulia. Kas ameandika mafunzo matano kwenye karatasi.

KAS: Kwa mkono wangu. Namba moja...

MADO: Ngoja namba moja, kwanza niwaambie kilichonipata wiki hii. Nilisema mwaka huu sikimbizani na Noeli, naanza polepole, nikatoa viti vyote vya plastiki kwenye depo nivisugue na maji ya sabuni. Mnajua viti vyangu vyote vina alama, tone la verni nyekundu ya kucha chini, pale pa kukalia lakini upande wa chini, niliweka mwenyewe nikiwa bado nafundisha. Viti kumi na mbili. Nageuza cha kwanza, verni hakuna. Cha pili kimechomwa na msumari wa moto, herufi K na M. Cha tatu kina rangi ya kijani. Nageuza vyote, Kas, vyangu ni vitano tu!

KAS: Na saba?

MADO: Saba ni vya watu. Na kimoja, sikia, kimeandikwa EGLISE. Kwa rangi nyeupe, herufi kubwa. Na mjukuu wangu amejua kusoma mwaka huu, hiyo njo shida, akasoma kwa sauti yake yote, "Nkambo, hii kiti iko ya kanisa!" Na jirani yuko palepale kwenye lupango, uwanja wetu, anaanika nguo.

KAS: (anacheka) Kumbe miaka yote unakula bukari, ugali wako, kwenye kiti cha Bwana!

MADO: Unacheka, lakini jirani aligeuza uso haraka, na mimi nikajua kwa nini. Yeye naye hajageuza vyake.

KAS: Hakuna mtu Lubumbashi amegeuza vyake! Inaanza kwenye matanga, si unajua, wanatandika bashi, yale maturubai, avenyu nzima inatoa viti, watu wanalala pale, wanakesha, siku ya kuvunja matanga kila mtu anachukua idadi yake anaenda. Idadi, apana viti. Ulitoa sita, unabeba sita, mwisho. Ukianza kugeuza na kutafuta verni mbele ya wafiwa watasema huyu mama hana roho.

MADO: Ndiyo maana sikugeuza.

KAS: Basi viti vyako viko vinatembea. Kimoja labda kiko Ruashi, kingine Kasumbalesa mpakani kinangojea unga wa Zambia.

MADO: Na kuna kimoja hakina alama yoyote ya mtu, lakini kimepasuka mgongo na mtu amekishona. Unajua vile vya kushona, wanatoboa na msumari wa moto pande mbili za ufa halafu wanapitisha waya. Huyu alipitisha waya wa shaba, ameshona kwa mkono mzuri, mshono umenyooka, ata fundi wa nguo angeona wivu. Nikakikalia nikajisemea hiki sitoi.

KAS: Shaba tena! Si uko Katanga, nchi ya migodi ya shaba.

MADO: Endelea na karatasi yako.

KAS: Apana, kwa kuwa umefungua habari ya viti, acha nami niseme langu. Juzi niko kwenye matanga kule Katuba, nimefika, nimesalimia, kijana akaniletea kiti, nikakaa. Akanitazama. Akaenda. Akarudi na kiti kingine, "Papa, simama kidogo," akakipachika juu ya kile cha kwanza. Viti viwili, Yaya. Mbele ya watu.

MADO: Wee!

KAS: Sasa nakuuliza wewe mwalimu, ile ni heshima ao ni kilo?

MADO: Inategemea alitazama wapi. Kwenye mvi ao kwenye tumbo?

KAS: Alikuwa anatazama miguu ya kiti.

MADO: Basi ni kilo.

KAS: Lakini alisema papa! Alisema kwa upole!

MADO: Kilo pia inaambiwa kwa upole. Mimi bado naletewa kimoja.

KAS: Wewe utaletewa fotei siku moja na utalia. Niliwaza njiani kote, kumbe uzee unaingia hivi, hakuna tarehe, hakuna karatasi ya retreti, ya kustaafu, kijana mmoja tu anapiga hesabu ya plastiki kichwani halafu anaenda kuleta kiti cha pili. Na unajua nini, nilikaa vizuri. Viwili ni vizuri! Havipepesuki.

MADO: Basi hapo umefundisha, tunaweza kufunga.

KAS: Namba moja, anza mapema, bei ya unga...

MADO: Bei ya unga kila mtu anaijua, Desemba mahindi ya zamani yamekwisha na mapya bado yako shambani, mavuno ni Aprili na Mei, wanaouza wanajua na sisi tunajua. Endelea. Ao ngoja, sijamaliza. Nimeamua. Cha kanisa nakirudisha, K.M. tumeshamjua, yuko avenyu ya tatu, anarudishiwa, wa kijani na wengine nitauliza polepole. Vyangu vinavyotembea sivitafuti. Nabaki na vitano vya verni na kile cha waya. Sita. Na Noeli yangu mwaka huu ni ya viti sita.

KAS: Sita vya nini?

MADO: Vya watu sita. Mimi, binti yangu na mume wake, wajukuu wawili, na yule shangazi yangu wa komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, ambaye hasikii vizuri. Kuku mmoja. Bowa, uyoga, kama nitapata za kichuguu, zile kubwa, mama mmoja huwa ananiwekea akitoka nazo barabara ya Kasumbalesa. Kikanda nitafanya mwenyewe, unga wa mizizi ya kikanda na karanga na pilipili, naacha kipoe, nakata vipande. Bukari. Sapini ya plastiki, mti wa Noeli, inabaki kwenye karto yake, girlandi moja mlangoni inatosha. Saa nane tumekula, saa tisa nimelala.

KAS: Na mtu akipita?

MADO: Akipita atasalimia.

KAS: Akiwa amesimama?

MADO: Kas.

KAS: Apana, nauliza. Noeli, mtu anapita kwa Yaya Mado, aliyefundisha nusu ya vijana wa Kenya, anakuta viti sita na watu sita wamekaa, anasalimia kwa kusimama kama mtu wa kukusanya pesa ya maji. Huo ni moyo uliotulia?

MADO: Ndiyo. Wangu.

KAS: Mimi sikubali. Karatasi hii nimeandika namba tano, nyumba ya muzee iwe na viti zaidi ya watu wake. Ukizeeka unapunguza nguo, unapunguza deni, unapunguza kelele, viti unaongeza. Viti vikipungua watu wanaelewa. Utulivu usio na watu ni upweke umevaa kitenge kipya.

MADO: Maneno mazuri. Nani anapika?

KAS: Tunasaidiana.

MADO: Nani anapika, Kas? Bonane iliyopita kwako walikula watu wangapi?

KAS: Hatuhesabu watu siku ya Bonane.

MADO: Wewe hauhesabu. Mama wa watoto wako alihesabu, sababu alihesabu sahani. Nilimkuta nyuma kwenye mbabula, jiko la makala, moshi machoni, umeme umekatika kama kawaida ya sikukuu, na wewe uko mbele kwenye kivuli unasema karibuni, karibuni, ongezeni viti. Mimi nimekuwa pale kwenye mbabula tangu nilipoolewa. Sijawahi kula chakula changu cha Noeli kikiwa moto. Ata mara moja. Ninakula jioni, mifupa na mchuzi uliogandamana. Sasa marehemu mume wangu hayuko, watoto wamekuwa, nataka nikae mimi, nile bukari ikiwa bado inatoa mvuke. Huko njo kuzeeka vizuri kwangu, mengine ni yenu.

KAS: Hapo kwa mama wa watoto sina jibu.

MADO: Vizuri.

KAS: Lakini kwa viti ninalo.

MADO: Lete.

KAS: Umemtaja marehemu. Wakati wa matanga yake mimi nilikuwa pale. Bashi mbili. Viti vilitoka wapi? Kwa watu ambao walikula kwako Noeli na Bonane zote zile ulizolia moshi. Hakuna mtu aliitwa. Walikuja sababu walikuwa wanajua njia.

MADO: ...

KAS: Sisemi kwa ubaya, Yaya.

MADO: Najua. Sawa, nikujibu. Walikuja, ndiyo, na sisahau. Lakini matanga apana deni. Kama walikuja ili niendelee kuwapikia mpaka nami nibebwe, basi walikopesha, hawakulia. Na mimi nawajua, walilia. Watakuja tena siku yangu ata kama nina viti sita, watakaa kwenye mukeka, watakaa kwenye matofali.

KAS: Wale wazee, ndiyo. Vijana hawajui njia. Njia wanafundishwa na chakula.

MADO: Vijana wanafundishwa na simu.

KAS: Njo maana nasema!

MADO: Sikiliza, mwaka 1974 Mobutu alitoa Noeli kwenye siku za kupumzika, wewe ulikuwa mdogo, mimi nilikuwa na akili tayari. Tarehe 25 ikawa siku ya kazi. Baba alipanda baiskeli yake akaenda kazini Gécamines, kampuni ya migodi, kama Jumatano yoyote, akarudi jioni, mama alikuwa amepika unga wa posho na kapenta, akaweka nyanya mbili zaidi kwenye mchuzi, basi, hiyo njo ilikuwa Noeli. Tuliimba tukiwa tumefunga mlango. Hakuna mtu alikuja, na mimi katika maisha yangu yote hakuna Noeli ninayoikumbuka vizuri kama ile.

KAS: Kwetu mwaka ule jirani wote waliingia usiku kwa mlango wa nyuma. Baba yangu alikuwa anasimulia mpaka alipokufa. Wamekaa chini, kwenye kitanda, kwenye ndoo zilizopinduliwa.

MADO: Unaona? Bila viti!

KAS: Unaona? Na watu!

MADO: Hatutapatana.

KAS: Hatutapatana. Mtoto wa mashine ananionyesha vidole. Ngapi? Nne? Dakika nne?!

MADO: Batri?

KAS: Batri. Umeme uliondoka tangu maembe. Na mafunzo hatujasoma ata moja, ndugu zangu mtatusamehe...

MADO: Namba moja tulisema, unga.

KAS: Namba moja unga, namba tano viti, umeikataa. Namba mbili ilikuwa kupaka chokaa ukuta wa mbele kabla mvua haijawa kubwa, sasa ni kubwa, tunaruka. Namba tatu, munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, hii niiseme yote sababu watoto wetu wananunua soda zisizo na maana. Unapika uji wa unga wa mahindi, mwepesi, unatoa motoni. Usitie mizizi saa hiyo! Uji ukichemka bado, mizizi ya munkoyo inaungua nguvu yake, asubuhi utakuta uji ni uji, mzito vilevile. Ngoja uwe vuguvugu, unatia kidole kinavumilia, njo unaweka mizizi iliyopondwa, unafunika. Inavunja ule unga yenyewe, uji unakuwa maji mbele ya macho yako, na unakuwa mtamu. Kesho yake unachuja, unaweka sukari kidogo...

MADO: Sukari ya nini?

KAS: Ya utamu.

MADO: Umesema sasa hivi unakuwa mtamu wenyewe!

KAS: Kidogo tu, kwa ajili ya wageni.

MADO: Munkoyo wenye sukari unachacha haraka, siku ya pili unakuwa pombe, shangazi yangu atakunywa na ataanza kuimba.

KAS: Na aimbe! Ni Noeli!

MADO: Hasikii, Kas, anaimba kwa nguvu.

KAS: Vidole viwili. Yaya, sema kwaheri.

MADO: Sukari msiweke. Jumamosi ijayo tutakuwa hapa kama batri itakubali, wenye swali la kikanda wanitumie sauti, apana kupiga simu usiku...

KAS: Wekeni sukari kidogo, kijiko kimoja kwa ndo