Msizibe Bomba la Hewa ya Baridi

Wazee wangu, akina mama, vijana, asanteni kwa kutoka kwenye joto la nyumbani mkaja kunisikiliza. Kazi yangu hapa Minneapolis ni kutengeneza hita za gesi, na kila msimu wa baridi nashinda kwenye besimenti za watu, yaani vile vyumba vya chini ya nyumba. Leo nataka tuzungumzie lile bomba linaloingiza hewa ya nje besimenti, ambalo mara nyingi mwisho wake umetumbukizwa kwenye ndoo sakafuni.

Januari bomba hilo mnalichukia, najua. Kuna familia moja niliikuta imelishindilia blanketi kuukuu. Baba mwenye nyumba akaniambia, "Fundi, joto letu linatorokea hapo." Nilimwelewa, maana ukiligusa tu mkono unakufa ganzi. Lakini ile hewa ni chakula cha moto.

Sisi tuliokulia kwenye jiko la mkaa jambo hili si geni. Ukiziba kile kidirisha cha chini, mkaa unafifia. Gesi nayo ni vivyo hivyo: futi moja ya ujazo ya gesi inahitaji kama futi 10 za hewa ili iungue vizuri. Nguvu ya hita hupimwa kwa BTU, kipimo cha joto, hapa kwa saa. Hita ya nyumba ya BTU 80,000 na ya maji ya BTU 40,000 zikiwaka pamoja, zinakula futi 1,200 hivi za hewa kwa saa, mbali na hewa inayopanda dohani pamoja na moshi.

Kanuni ya kawaida ya mafundi ni futi 50 za ujazo wa chumba kwa kila BTU 1,000. Kwa hita hizo mbili, hiyo ni futi 6,000. Dari ikiwa futi 8, mnahitaji eneo la futi za mraba 750. Sasa mtu anajenga chumba cha kulala cha mgeni besimenti, hita anazifungia kwenye kistoo cha futi 6 kwa 8. Humo mna futi 384 tu! Kama hewa inatoka ndani ya nyumba, kistoo hicho kinataka matundu mawili, moja karibu na dari na lingine karibu na sakafu, kila moja inchi za mraba 120 zilizo wazi kweli. Luva za mbao, vile vibao vya mlazo vinavyofunika tundu, zisiwadanganye: kwa kawaida ni robo tu ya ukubwa wake inayohesabiwa kuwa wazi.

Zamani nyumba zilivuja kila upande. Siku hizi tumebadilisha madirisha na kuziba nyufa. Kisha feni ya jikoni na mashine ya kukausha nguo zinatupa hewa nje, na nyumba inaifidia kwa kuivuta popote penye upenyo. Dohani ni upenyo. Moshi uliopaswa kupanda unarudi ndani na kaboni monoksidi yake. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na inashikamana na damu kwa nguvu inayopita ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi mzito. Watu wanadhani ni mafua.

Kwa yule baba nilifunga madirisha, nikawasha feni zote na mashine ya nguo, nikafungulia maji moto hadi hita ya maji ikawaka. Baada ya dakika 5 nikasogeza kijiti cha udi kwenye ule mwavuli wa bati juu ya tangi. Moshi wa udi ukapeperushwa usoni kwangu. Nikazima hita, tukafungua madirisha, nikachomoa blanketi. Tuliporudia, moshi ukainama na kuingia dohanini kama uzi unaovutwa. Yule baba alikaa kimya, kisha akaniuliza watoto wake wamelala juu ya kitu hiki kwa miezi mingapi.

Mama pale ameuliza: ndoo ya nini? Hewa baridi ni nzito, mama. Inatuama ndooni, na moto ukiihitaji inavutwa. Kwa hiyo ndoo msiitoe, wala msiigeuze pipa la taka.

Wenye hita mpya za mabomba mawili ya plastiki, moja linavuta hewa moja kwa moja kutoka nje. Hilo lifagilieni theluji pale linapotokeza ukutani. Na sote, sheria ya Minnesota inataka kengele ya kaboni monoksidi ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Ikilia, tokeni nje kwanza na watoto, simu mtapiga mkiwa huko.

Udi ninao mfukoni. Anayetaka nimpimie wiki hii, tuonane pale mlangoni.