Clove mbili jikoni, na mtoto wa Pemba aliyeaibika

Assalaam alaykum jamaa zangu wa Wete, Chake, Mkoani! Na nyinyi wa Unguja msinune, nakuoneni.

Leo nipo jikoni. Hii karafuu, hichi kitunguu thomu. Nyinyi mnaona vitu viwili. Muingereza hii anaiita clove, na punje ya thomu nayo anaiita clove.

Mie nimelijua hilo kwa aibu. Wiki ya mwanzo kazini, jiko la mkahawa hapa London, mpishi mkuu akanambia nitwange clove sita nitie kwenye rojo. Nimekulia juu ya jamvi la karafuu, unanifundisha mie clove? Nikazitwanga laini, nikatia. Rojo likanuka dawa ya jino! Kumbe alitaka thomu. Lilimwagwa lote.

Nikaingia kwenye kamusi kwa hasira. Majina haya yamefanana sura tu, hayana udugu. Clove yetu asili yake Kifaransa, clou, maana yake msumari. Wafaransa husema clou de girofle, msumari wa karafuu. Waingereza wakachukua msumari, karafuu yenyewe wakaiacha hukohuko. Hebu shikeni moja muitazame: kichwa juu, kijiti chini. Msumari hasa! Mholanzi naye anaiita kruidnagel, msumari wa kiungo. Sisi tumepokea jina kwa Mwarabu, qaranful, na tangu enzi za Sayyid Said tunaichuma, tunachambua makonyo, tunaanika, wala msumari hatujauona. Mie angalau sijauona, na vidole vyangu vimenuka karafuu utoto mzima.

Ile ya thomu ni Kiingereza cha kale, clufu, ukoo mmoja na cleave, kupasua. Hapo sina ugomvi, thomu si unaipasua? Kupasua hukohuko ndiko kulikozaa clove hitch, fundo la mabaharia la kufungia kamba kwenye nguzo. Ukilitazama, kamba imelala mistari miwili kama iliyopasuliwa. Watu wa madau, nyie fundo hilo mnalo mikononi.

Jana nimempigia mama nikamhadithia yote haya, Wafaransa na misumari yao. Kanyamaza, kisha akauliza:

"Sasa mwanangu, huko wakimtuma mtoto dukani, analeta nini?"