Nimesimama Benavente, Hispania, nawasimulia habari za mwimbaji Cecilia

Haya jamani, mnanisikia? Huku upepo mkali, maiki nimeifunika na mtandio. Hamjambo wote, wa Tanga, wa Dar, na nyie wa Mombasa mnaopenda kunisahihisha Kiswahili. Leo sipo Madrid. Nipo Benavente, mkoa wa Zamora, natoka Vigo kumsalimia shoga yangu, na basi limesimama watu wanywe kahawa. Dereva katupa nusu saa. Oneni huko nyuma yangu: mashamba yamekauka, njano tupu, ungesema Dodoma mwezi wa kumi.

Sikupanga kurekodi. Ila muda si mrefu tumepita karibu na kijiji kinaitwa Colinas de Trasmonte. Nilikuwa nasinzia huku ramani iko wazi kwenye simu, nikaliona hilo jina, usingizi wote ukakata.

Mnajua kazi yangu: namtunza bibi mmoja, ana miaka 84. Asubuhi nikimwogesha lazima aimbe, na wimbo ni uleule. Mwaka wangu wa kwanza, Kihispania hakijapanda, nilidhani ni wa kanisani, kwa jinsi anavyoutoa polepole. Kumbe ni habari za mke na mume!

Unaitwa Un ramito de violetas, yaani kashada ka maua ya urujuani. Kuna mwanamke ana mume mkali, hasira mbele, neno tamu halimtoki. Lakini mke anapokea barua kutoka kwa mtu asiyemjua, barua zimejaa mashairi, na ndizo zinazompa raha ya kuishi. Tena kila tarehe 9 Novemba analetewa maua, hayana kadi wala jina. Miaka mitatu na zaidi. Mama wa watu anakaa anawaza: ni nani huyu? Kijana? Ana mvi? Akicheka anachekaje? Siri yake, hamwambii mtu. Jioni mume anarudi kazini kachoka, anamtupia jicho la pembeni, ananyamaza. Ananyamaza kwa sababu yote anayajua. Mwandishi wa barua ni yeye.

Siku niliyokielewa hicho kipande cha mwisho nilibaki na taulo mkononi, bibi ananicheka. Mimi huyo mume simpendi, niseme ukweli. Una maneno mazuri namna hiyo, si uyaseme mezani chapati zikiwa za moto? Bibi akanijibu wanaume wa wakati wake ndivyo walivyokuwa, ukimkuta anayejua kuandika ushukuru.

Aliyeutunga na kuuimba ni Cecilia. Jina lake hasa Evangelina Sobredo Galanes, kazaliwa 11 Oktoba 1948, El Pardo, hapo Madrid. Baba yake mwanadiplomasia, kwa hiyo utoto wake ulikuwa wa kufunga masanduku: Uingereza, Marekani, Algeria, Jordan. Kiingereza alikijua vizuri hata nyimbo zake za mwanzo alitunga kwa Kiingereza. Alianza kusoma sheria akaacha. Alipotaka kutoa nyimbo kwa jina la Evangelina, akaambiwa limeshasajiliwa na mwingine. Akachukua Cecilia, jina la wimbo wa Simon na Garfunkel, wale waimbaji wawili wa Marekani.

Albamu ya kwanza ikatoka 1972. Na hapa ndipo watu wa taarabu mtampenda, maana huyu binti alikuwa fundi wa mafumbo. Kumbukeni Hispania bado iko chini ya dikteta Franco. Kila wimbo unapita kwanza mezani kwa wakaguzi wa serikali. Yeye anatoa Dama, dama, wimbo wa kumsema mama wa kitajiri: mcha Mungu, Jumapili yuko kanisani, mke mwema mbele za watu, na pembeni ana yake. Alikuwa ametaja kwamba bibie huteleza kidogo kwenye amri ya sita, ambayo kwa Wakatoliki ndiyo ya uzinzi. Wakaguzi wakaikata. Akaweka neno jingine linalofanana kwa mlio, lisilo na maana yoyote pale. Basi aliyetaka kuelewa akaelewa. Si ndiyo kama kanga? Unaivaa, unapita mlangoni kwa mtu, hujafungua mdomo.

Albamu ya pili, 1973, alitaka iitwe Me quedaré soltera, yaani sitaolewa, na kwenye jalada apigwe picha ana mimba. Hebu fikirieni, 1973! Nchi ambayo mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mume hata kufungua akaunti benki, sheria iliyokuja kufutwa Mei 1975. Jalada likakataliwa, jina likakataliwa, ikatoka inaitwa Cecilia 2. Basi.

Halafu 1975 ikaja albamu yenye ule wimbo wa barua, na ndani yake kuna mwingine, Mi querida España, Hispania yangu mpendwa. Yeye aliandika Hispania iliyo hai, Hispania iliyokufa. Hilo la kufa halikupita. Kwenye sahani ya santuri ikabidi aimbe Hispania yangu, Hispania yetu. Leo watu wanauimba kwenye sherehe kama wimbo wa kizalendo, wanapunga bendera, na mimi nikiwaona nacheka peke yangu. Ni wimbo wa mtu anayeiuliza nchi yake: macho yako wapi, mikono iko wapi, kichwa kiko wapi?

Mwezi Novemba mwaka huohuo akaiwakilisha Hispania kwenye OTI, mashindano ya nyimbo ya kimataifa, kule Puerto Rico, akashika nafasi ya pili. Siku tano baadaye Franco akafa. Yaani mlango ndio kwanza unafunguka. Alikuwa na miaka 27, ameanza kutia muziki mashairi ya Valle-Inclán, mwandishi wa Hispania.

Tarehe 1 Agosti 1976 aliimba Vigo. Wakamaliza, wakaingia garini usiku uleule kurudi Madrid. Njia hii hii niliyokuja nayo, ila wakati huo ni barabara nyembamba, si hii pana ya sasa. Alfajiri, pale Colinas de Trasmonte, gari likagonga mkokoteni wa maksai. Mkokoteni hauna taa. Cecilia alikuwa kiti cha nyuma, amelala. Alikufa yeye na mpiga dramu wake, Carlos de la Iglesia.

Nyie hili sina haja ya kuwaeleza. Nani kwetu hajasafiri usiku kuelekea Segera, dereva akafunga breki ghafla kwa sababu lori limekufa katikati ya njia, giza totoro? Sisi angalau tunakata matawi tunayatandaza barabarani, ukiona majani unajua mbele kuna jambo. Pale kwa Cecilia hapakuwa na hata tawi.

Ule wimbo wake wa barua wameuimba wengi baadaye. Mwimbaji Manzanita aliuimba miaka ya themanini mwanzoni kwa mtindo wa flamenko, muziki wa asili wa kusini mwa Hispania, na vijana wengi hapa wanaujua kwa sauti hiyo, hawajui hata kama umetungwa na mwanamke. Anzeni na wa Cecilia mwenyewe. Sauti ndogo, kama anakunong'oneza dirishani.

Bibi niliwahi kumuuliza kama na yeye alishaletewa maua tarehe 9 Novemba. Akaniambia nimkaushe mgongo vizuri, maji yanapoa.

Haya, dereva anapiga honi, na kahawa sijainywa. Mama, najua utaiona hii video, usianze kunipigia simu usiku. Nimekaa kiti cha mbele, mkanda nimefunga, na jua bado liko juu.