Pikapu mpya Malindi: raba ya kupuliza nyuma, kisha rangi

Hamjambo jamani, karibuni. Leo niko na D-Max nyeupe, dabo kebini, imeshuka juzi kutoka Nairobi inakounganishwa, na plastiki za viti bado hazijatolewa. Mwenyewe hubeba samaki asubuhi, na mchana akipata kazi ya mawe ya timbo au mifuko ya saruji habagui. Swali lake ni lile ninaloulizwa na wengi: aanze na raba ya kukinga sehemu ya mizigo nyuma, au na seramiki, ile dawa ya kupaka inayong'arisha rangi? Kwa Malindi jibu langu halibadiliki. Pesa ya kwanza iende nyuma na chini ya gari, na rangi ya juu ifuate ikiwa kuna kilichobaki.

Sababu ni chumvi. Inakuja na upepo wa bahari, inakuja na maji ya barafu ya samaki, na kwa wenzetu wanaopakia Gongoni na Marereni inakuja kwa magunia. Nyinyi wa Lamu mnaoacha gari Mokowe mkavuka kwa boti, gari linalala hapo usiku kucha likipigwa na hewa ya bahari. Jiwe moja likichubua rangi, bati likabaki wazi, kutu haingoji masika.

Hatua ya kwanza, amueni aina ya kinga. Kuna beseni la plastiki linalotumbukizwa nyuma na kukazwa kwa skrubu, na kuna raba ya kupuliza inayogandana na bati lenyewe. Nimeazima pikapu ya zamani ili muone tofauti. Nalinyanyua beseni lake. Nasogeza kamera hapa, kwenye kona ya gurudumu. Mnaona mchanga mweupe umejikusanya? Nikiushika una unyevu, na jua hili! Gari likitetemeka barabarani, plastiki inausugua ule mchanga juu ya rangi. Hapa rangi imekwisha, na hapa kutu imeshaanza kula. Juu, beseni ni zima kabisa, kwa hiyo mwenye gari hakuwa na habari.

Hata hivyo, silitupi beseni moja kwa moja. Ni rahisi, linatoka mkitaka kulitoa, na jiwe zito likidondoka linapunguza kishindo kuliko raba, kwa hiyo bati halibonyei sana. Mkilichagua, litoeni mara kwa mara na muoshe chini yake kwa maji matamu.

Raba ya kupuliza nayo iko kwa namna mbili. Ya kwanza hupulizwa kwa mashine ya moto yenye presha kubwa. Dawa mbili zinapashwa, zinakutana kwenye bunduki ya kupulizia, na zikigusa bati zinaganda kwa sekunde. Hiyo ndiyo poliyurea, au poliyurethani iliyochanganywa nayo. Fundi mzuri anaweza kuweka karibu milimita 3 kwenye sakafu na nusu ya hapo kwenye kuta. Namna ya pili ni ya chupa, kama Raptor: sehemu tatu za dawa kwa moja ya kigandishi, mnatikisa chupa, mnaifunga kwenye bunduki yake, mnapuliza kwa kompresa ya kawaida. Hii huwa nyembamba zaidi, lakini fundi yeyote wa rangi aliye makini anaiweza. Kwa samaki, nguo na mizigo ya sokoni inatosha. Kwa mawe ya timbo kila siku, tafuteni ya mashine hata kama ni safari ya mpaka Mombasa.

Rangi ya raba pia iangalieni. Nyeusi inavuta joto, na ukitia barafu juu yake saa sita mchana utaona maji yanavyokimbia. Za chupa zipo zinazokubali kuchanganywa rangi, kwa hiyo mbeba samaki achague kijivu cha kupauka. Samaki bado wakae kwenye sanduku lenye mfuniko. Raba inalinda bati, haimlindi samaki. Jambo jingine ni jua: ulizeni kama dawa imekingwa dhidi ya miale ya jua. Isiyokingwa hupauka ikawa ya majivu na kutoa unga mkononi. Nguvu yake haipotei mara moja, lakini sura inaharibika.

Hatua ya pili, mhojini fundi kabla hamjampa funguo. Mimi huanza na swali moja: utaiandaaje rangi? Akisema ataosha kwa sabuni na kupuliza, shukuruni na muondoke. Raba haishiki juu ya klia, lile tabaka angavu la juu ya rangi, likiwa bado linang'aa. Lazima msasa upite kila mahali mpaka mng'ao uishe, na hiyo ni kazi isiyorudishwa nyuma, kwa hiyo anayetaka gari libaki la shorumu afikiri kwanza. Ulizeni pia dhamana ya gari inasemaje. Bora mpate jibu kwa maandishi kutoka kwa aliyewauzia.

Hatua ya tatu, maandalizi, na hapa ndipo pa kukaa. Toeni ndoano za kufungia kamba, taa, na kilango cha nyuma kama kinatoka kirahisi. Osheni kwa sabuni ya kukata mafuta, suuzeni, acheni pakauke sawasawa. Kisha msasa namba 80 kwa mashine kwenye sehemu pana, na kwa mkono kwenye mikunjo. Tazameni hapa kwenye mfereji wa sakafu. Juu ya mgongo pamepauka vizuri, lakini ndani ya bonde bado panang'aa. Fundi mwenye haraka hupaacha hivi hivi, na raba huanza kubanduka hapo hapo. Rudini kwa vidole, mkunje msasa, mfikie.

Bati likiwa limeonekana mahali popote, pakeni praima kwanza, ile rangi ya msingi inayoshika bati. Halafu futeni vumbi, pigeni kitambaa chenye dawa ya kutoa mafuta, na baada ya hapo mtu asishike kwa mkono mtupu, maana jasho la kiganja lina mafuta na chumvi.

Sasa ufungaji wa tepu. Nakaribia kabisa ili muone tundu hili dogo kwenye kona ya mbele, linalotoshea ncha ya kidole. Ni tundu la kutolea maji. Likizibwa na raba, maji ya barafu yatasimama hapo na kutafuta pa kupenya. Liwekeni kizibo cha karatasi iliyoviringwa, nacho kitolewe raba ikiwa bado mbichi. Matundu ya bolti za ndoano nayo yawe na vizibo. Kwenye ukingo wa juu, ombeni fundi atumie tepu yenye waya ndani. Ukiuvuta ule waya wakati raba haijakauka, mstari unakatika umenyooka. Tepu ya kawaida ikingoja raba ikauke, inang'oka na vipande.

Hatua ya nne, hali ya hewa. Dawa hizi hazipendani na maji. Kigandishi kikikutana na unyevu kinatoa gesi, na raba inajaa vipovu. Asubuhi Malindi bati huwa na umande hata kama huuoni, kwa hiyo ngojeni jua lipande, ndani ya banda lisilopigwa upepo wa mchanga. Wakati wa kaskazi, ambao ni mkavu, kazi huwa nyepesi. Aprili na Mei, mvua zikiwa zimeshika, mimi ningeahirisha.

Na jamani, kifua. Kigandishi kina isosianeti, na moshi wake unaweza kumwachia mtu pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Anayepuliza avae kinyago cha vichujio vya kemikali, na kwenye mashine ya moto aletewe hewa safi kwa bomba. Watoto wasisogee. Mkikuta fundi anapuliza kifua wazi huku anavuta sigara, mmejua kila kitu kuhusu karakana hiyo.

Hatua ya tano, kupuliza. Kuta kwanza, sakafu mwisho, kwa mikono miwili au mitatu, yaani matabaka, kila mmoja ukikatiza mwenzake. Kwa ile ya chupa, ngojeni mkono wa kwanza ushike kabla ya wa pili, kama maelekezo ya chupa yanavyosema. Bunduki ikiwa mbali, chembe zinakuwa kali. Zinashika mzigo usiteleze, lakini zinachuna magoti ya wapakiaji. Mimi napenda za wastani.

Hatua ya sita, subirini. Hata kama fundi wa mashine anasema mnaweza kupanda saa hiyo hiyo, mzigo mwepesi ungoje kesho yake, na mawe yangoje siku tatu. Ya chupa ipeni wiki nzima kabla ya kazi nzito. Kabla ya kulipa baki ya pesa, zungukeni ukingo wote na kucha ya kidole gumba. Kucha ikiingia chini ya raba, kazi irudiwe pale pale. Mwageni ndoo ya maji upande wa mbele wa sakafu ya mizigo, mtazame yanatokea wapi.

Gari bado limenyanyuliwa, basi tumalizie chini yake. Chasisi ya gari jipya ina rangi tu. Ndani ya vyuma vyenye uwazi pulizeni waksi ya kuzuia kutu, ile inayobaki laini na kutambaa kwenye maungio. Lami nyeusi nene siipendi sana, kwa sababu ikipasuka inashika maji nyuma yake na hamuoni.

Sasa rangi ya juu. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima hadi klia, kwa kawaida ni kama mikroni 100 hadi 150, na mikroni 1,000 ni milimita moja. Seramiki inaongeza mikroni chache tu. Kwa hiyo anayewaambia seramiki itazuia kokoto za murramu ya Magarini anauza maneno. Inachofanya ni kufanya maji na uchafu visishike, na kulinda klia dhidi ya jua na kinyesi cha kunguru, nao wamejaa mji mzima. Kinyesi hicho kifuteni siku hiyo hiyo, kwa maji mengi, hata kama mna seramiki.

Kinachozuia kokoto ni PPF, plastiki angavu ya kubandika juu ya rangi, ya mikroni 150 hadi 200 hivi. Mikwaruzo midogo hujifunga ikipata joto, na joto tunalo. Ni ghali, kwa hiyo msifunike gari zima. Kwa gari la kazi, iwekeni kwenye ncha ya boneti, bampa la mbele, vioo vya pembeni, na ukingo wa mbele ya magurudumu ya nyuma. Waksi ya kawaida ni ya wiki kadhaa, na kwa mtu mwenye mkono mwepesi wa kuirudia inatosha kabisa. Shorumu wakiwauzia “kinga ya rangi” bila kutaja ni dawa gani, ikateni kwenye risiti.

Mkiamua seramiki, vaeni mfuko mwembamba wa nailoni mkononi na mpitishe juu ya boneti iliyooshwa. Mnasikia chenga? Hata gari jipya huwa nazo. Zitoeni kwa udongo maalumu wa rangi, kisha futeni kwa spiriti, ndipo mpake kivulini, na gari lisiguswe na maji siku nzima.

Kuosha: maji ya kisima cha chumvi yakikaukia juani yanaacha madoa meupe yanayouma klia. Tumieni ya bomba au ya mvua, angalau ya kusuuzia, na mfute kwa taulo. Nyuma ya gari sugueni kwa brashi na sabuni, kwa sababu damu ya samaki hujificha kwenye chembe za raba.

Siku raba itachanika, kateni ukingo uliolegea mpaka mfike palipogandana, pigeni msasa, praima kama bati limeonekana, kisha mpulize kiraka. Kitatofautiana rangi kidogo na raba ya zamani iliyokwisha kupigwa jua. Kipeni siku zake kama mlivyoipa ile ya kwanza kabla ya kurudisha mawe.